Ndiyo ya Julai, Nusu kwa Nusu ya Oktoba: Kisa cha Zanzibar 2010

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliitwa kwenye kura ya maoni kujibu jambo moja: mnataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa (SUK) baada ya uchaguzi mkuu, au hamtaki? Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo watu walewale walirudi kwenye skuli zilezile kumchagua Rais. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM, chama tawala, alipata kura 179,809, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule, 176,338. Asilimia 50.1 kwa 49.1. Wagombea wengine watano, hata ukiwajumlisha wote, hawakufika asilimia moja.

Kisa chenyewe ni hicho, na kila uchaguzi unapokaribia hunirudia. Mpiga kura aliyechoshwa na ugomvi wa vyama viwili hata akaridhia Katiba ibadilishwe, imekuwaje baada ya siku 92 akarudi kuigawa nchi nusu kwa nusu baina ya walewale wawili, na waliobaki wote akawapa makombo?

Barazani jibu huwa jepesi: Mzanzibari siasa imo damuni. Mimi siliafiki. Naona mtu yule alikuwa na akili zake siku zote mbili. Julai alisema hataki atakayeshindwa afanywe mkiwa katika nchi yake. Oktoba alisema nani angependa ashinde. Ni maswali mawili tofauti na kila moja alilipa jibu lake. Kulikuwa na swali la tatu ambalo hakuulizwa, na miaka mitano baadaye ndilo lililotupasua.

Kura moja ya Chake Chake

Woga wa kushindwa haukuanza na CCM na CUF. Wazee huuita wakati wa kuelekea uhuru "zama za siasa", kana kwamba kabla yake siasa haikuwapo, na mwenye kuuliza nini hasa kilitokea hujibiwa kwa kuangaliwa tu.

Januari 1961 palikuwa na viti 22 vya kugombewa. Chama cha Afro-Shirazi (ASP), mmoja wa wazazi wa CCM, kilipata 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP), yaani Hizbu, 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Jimbo la Chake Chake lilikwenda ASP kwa kura moja. Moja! Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11 na serikali ikashindikana kuundwa. Juni uchaguzi ukarudiwa, na katika machafuko yake wakauawa watu 68. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote za nchi, lakini kwa jinsi majimbo yalivyokatwa ikaambulia viti 13 kati ya 31. Hizbu na ZPPP, kwa viti vyao 12 na 6, ndio waliounda serikali. Uhuru ukaja 10 Disemba 1963, na 12 Januari 1964 Mapinduzi yakaiweka ASP madarakani. Siku 33 baina yake.

Kila upande ulitoka na hesabu yake katika miaka ile. Mmoja ulijifunza kwamba unaweza kuwa na watu wengi zaidi na bado ukakaa nje ya serikali, kwa hiyo madaraka yakishapatikana hayarudishwi tena kwenye mizani. Wa pili ulijifunza kwamba unaweza kushinda kwa sheria zote na usiudumu hata mwezi wa pili. Hesabu hizi hazikuandikwa kwenye ilani ya chama chochote. Zilikaa majumbani, mtoto akazikuta kama anavyokuta kanga za bibi sandukuni.

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa kwanza, 22 Oktoba 1995, ulikuwa kama haukupita muda. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa kura 165,271, Maalim Seif akapewa 163,706. Tofauti ni kura 1,565. CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba na kukataa kuyatambua matokeo ya urais. Kilichofuata Pemba aliyekiona hakisahau: duka la mtu wa CCM haliendewi, maiti ya mwenzio haizikwi, harusi inaliwa na nusu ya mtaa. Kisa cha mke kuachwa kwa kadi ya chama utakisikia pande zote mbili, kila upande ukiapa kuwa alianza mwenzake.

Halafu 2001. Tarehe 26 na 27 Januari, katika maandamano ya kupinga uchaguzi wa 2000, vyombo vya dola viliua watu, wasiopungua 35 kwa hesabu ya Human Rights Watch. Zaidi ya watu 2,000 walivuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilikuwa sasa imetoa wake.

Miafaka miwili ilitiwa saini, wa 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola na wa Oktoba 2001. Yote miwili ilikuwa ya vyama, na mwananchi aliisikia redioni.

Mkono wa Novemba

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume alimpokea Maalim Seif Ikulu, Mjini Unguja, wakapeana mikono. Hapakuwa na balozi wa nje mbele yao wala msuluhishi wa kukodiwa. Karume alikuwa akielekea mwisho wa muhula wake wa pili, na nadhani hilo lilimrahisishia mambo, maana asiyegombea tena huweza kusema asiloweza kulisema mgombea. Kazi ya kuyalea maridhiano ikawa ya kamati ya watu sita chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo, aliyekuwa serikalini tangu enzi za Mapinduzi, wajumbe wakitoka pande zote mbili.

Mabadiliko ya Katiba yaliyofuata ni mepesi kuyaeleza. Rais anatoka chama kilichoshinda. Kilichoshika nafasi ya pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, mradi kiwe kimefikisha angalau asilimia 10 ya kura. Makamu wa Pili ni wa chama cha Rais, na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi. Mawaziri wanagawanywa kwa uwiano wa viti vya Baraza.

Theluthi moja iliyosema hapana imesahauliwa mno, au inakumbukwa kama kundi la wakorofi. Wengi wao walikuwa wana CCM wa majimbo ya shamba Unguja, na kweli wapo waliokataa kwa sababu hawakutaka kumuona mtu wa Pemba karibu na Ikulu. Lakini ilikuwapo hoja nyengine, ya maana, ambayo hata mtu wa CUF angeweza kuisema. Kama wote watapanda gari moja, nani atapiga kelele dereva akisinzia?

Hilo halikumzuia mtu kusherehekea. Tarehe 1 Novemba 2010, pale Hoteli ya Bwawani, matokeo yalipotangazwa kwa tofauti ya kura 3,471 tu, Maalim Seif alisimama akayakubali. Hapakuchomwa tairi. Kwa mara ya kwanza tangu 1995 tulimaliza uchaguzi bila ya kuhesabu maiti. Anayeidharau SUK leo aanze kwanza na usiku ule.

Na hapo ndipo kitendawili cha Julai na Oktoba kinapofumbuka. Kura ya maoni iliishusha bei ya kushindwa, na bei iliposhuka kila mtu akawa huru kumpigia wake bila kuogopa. Chama cha tatu hakikuwa na la kumuuzia mpiga kura. Ukimpa mgombea wa chama kidogo kura yako hupati Rais, hupati Makamu, huambulii hata waziri. Katiba mpya ilikuwa imeviwekea vyama viwili viti viwili vya mbele na ikavipigilia misumari. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Waliokuwa wakiandika walikuwa na CCM na CUF vichwani, kwa sababu ndio waliokuwa wakiuana.

Gari moja

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa na amani, na pia ilikuwa na ububu wa ajabu. Mtu aliyekuwa na dukuduku na serikali hakujua amnunie nani.

Chukua meli. Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Julai 2012, kabla machozi hayajakauka, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Waziri wa Miundombinu, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu, na alikuwa wa CUF. Sasa jiweke mahala pa mpiga kura wa Wete, Pemba, aliyepoteza watu katika meli. Chama chake ndicho kilichokuwa na wizara. Akitaka kukiadhibu ampigie CCM? Na yule wa Makunduchi mwenye hasira na Rais, ampigie Makamu wa Rais huyohuyo? Wawakilishi wa nyuma wa pande zote mbili walijitahidi kuwabana mawaziri, na baadhi ya vikao vya wakati ule vilikuwa vikali kuliko vya leo. Lakini upinzani rasmi, wenye kiti na jina, haukuwapo.

Hasira haikosi pa kutokea. Mwaka 2012 ilitokea kwenye mihadhara ya Uamsho. Jumuiya ile ya kidini ilianza kuzungumzia Muungano, ikadai Wazanzibari waulizwe kama bado wanautaka, na viwanja vikajaa. Mei na Oktoba mwaka huo pakazuka fujo. Viongozi wake walikamatwa, wakapelekwa Bara, wakashitakiwa kwa ugaidi na kukaa mahabusu hadi 2021 mashitaka yalipofutwa. Wengine watakwambia Uamsho ilikuwa CUF kwa joho jengine. Mimi naona kinyume chake: ilijaza watu kwa sababu CUF ilikuwa serikalini, na pale palikuwa pahala pekee ambapo mtu angeweza kusikia hapana ikisemwa kwa sauti.

CCM nayo ilianza kuwatafuna waliotengeneza maridhiano. Mansour Yussuf Himid, waziri wa zamani na mjumbe wa ile kamati ya sita, alifukuzwa chamani 2013. Mzee Moyo alifuata 2015, kwa umri ule na historia ile. Daraja lilikuwa bado limesimama, ila mafundi wake walikuwa wakiondolewa mmoja mmoja.

Swali ambalo halikuulizwa

Rudi kwenye vifungu vya 2010 uvisome taratibu. Kila sentensi inamzungumzia aliyeshika nafasi ya pili, atapewa nini na kwa asilimia ngapi. Yote yaliandikwa kwa kuchukulia kwamba wa pili atakuwa CUF, ingawa hakuna pahala palipoandikwa hivyo. Hakuna aliyejiuliza kwa sauti: je, CCM ikishika nafasi ya pili itakubali kuwa Makamu wa Kwanza?

Oktoba 2015 lilipofika, jibu lilichukua siku tatu. Kura zilipigwa tarehe 25. Tarehe 26 Maalim Seif aliwaambia waandishi wa habari kwamba kwa hesabu za chama chake ameshinda. Tarehe 28, baada ya matokeo ya zaidi ya nusu ya majimbo 54 kuwa yameshatangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitokea kwenye televisheni akatangaza kuufuta uchaguzi wote. Alitaja kasoro, zikiwemo wajumbe wa Tume kugombana na vituo vya Pemba kuwa na kura zinazozidi walioandikishwa. Waangalizi walikuwa wameshasema kwamba upigaji kura ulikwenda vizuri kwa jumla.

Kilichowaudhi watu zaidi, hata baadhi ya wana CCM niliozungumza nao, ni hiki: siku ileile, mpiga kura yuleyule, katika chumba kilekile, alipiga pia kura ya Rais wa Muungano na ya Mbunge. Hizo hazikuguswa. John Magufuli akaapishwa, wabunge kutoka Zanzibar wakaenda Dodoma. Wino wa kidole kimoja ukawa halali kwa karatasi hizi na batili kwa zile.

Vikao vya Ikulu baina ya Shein, Seif na marais wastaafu havikuzaa kitu. Marudio yakafanywa 20 Machi 2016, CUF ikasusia, Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Siku chache baadaye shirika la misaada la Marekani, MCC, likasitisha mpango wa dola milioni 472 kwa Tanzania, likitaja uchaguzi wa Zanzibar pamoja na sheria ya makosa ya mtandao. Na kwa kuwa hakuna mwengine aliyefikisha asilimia 10, kiti cha Makamu wa Kwanza kilikaa kitupu mpaka 2020. Msumari uliokuwa umekilinda ndio huohuo uliokifunga.

Agosti 2016, kwenye mazishi ya Mzee Aboud Jumbe, Rais wa zamani wa Zanzibar, Shein alimnyooshea mkono Maalim Seif, na Maalim akaukataa mbele ya watu. Nchi nzima ilizungumza. Siku chache mbele, Magufuli akiwa Pemba, aliligusa, akasema angekuwa yeye ni Shein asingesaini hata malipo ya mtu kama huyo. Kwa desturi zetu mkono haukataliwi msibani. Lakini nilipowauliza watu wa Pemba, wengi hawakuona aibu. Walisema mkono wa kwanza, ule wa 2009, ndio uliokataliwa, na si na Maalim.

Tanga

Baadaye kikaja kisa kidogo kinachonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu kinavunja dhana ya kwamba watu wetu wanaabudu vyama. CUF ilikuwa imepasuka tangu 2016, Profesa Ibrahim Lipumba upande mmoja na Katibu Mkuu Maalim Seif upande mwengine. Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu iliamua kwa faida ya Lipumba. Siku hiyohiyo Maalim akahamia chama cha ACT-Wazalendo, na msemo ukawa: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee.

Likashuka kweli. Bendera za CUF zilizopeperushwa robo karne, zilizolalwa njaa na kufiwa, zikateremshwa Mji Mkongwe na Pemba, rangi ya zambarau ikapanda. Chama kilichozoea kupata karibu nusu ya kura kikafutika visiwani, na kile ambacho hakikuwa na kitu kikarithi kila kitu. Ndipo utajua kwamba "chama cha pili" Zanzibar hakina uhusiano mkubwa na jina la msajili. Ni pahala wanaposimama wasiotaka CCM, yeyote atakayepashika. Hamad Rashid Mohamed, mkongwe wa CUF aliyeondoka kwenda chama kidogo cha ADC, aligombea urais akaona jinsi nje ya pahala hapo palivyo pakavu.

Uchaguzi wa 2020 ulileta kura ya mapema: 27 Oktoba kwa baadhi ya watu, hasa wa vyombo vya ulinzi na watendaji wa uchaguzi, na 28 kwa wengine. ACT iliiona kama mlango wa nyuma. Watu wakauawa Pemba tena. Dk. Hussein Ali Mwinyi akatangazwa kwa asilimia 76.27, Maalim Seif 19.87. Mtu aliyezoea kupata karibu theluthi au zaidi hata katika miaka mibaya akaambiwa sasa ni moja ya tano.

Disemba ACT ikaamua kuingia serikalini. Maalim akaapishwa tarehe 8 kuwa Makamu wa Kwanza, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki. Othman Masoud Othman akachukua nafasi yake. Wapo waliofiwa Oktoba ambao hawajamsamehe Maalim mpaka leo kwa mkono ule wa mwisho. Wapo wanaosema aliwaokoa vijana na msako. Nimewasikiliza wote na siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea.

Oktoba 2025 Othman Masoud aligombea dhidi ya Rais aliyekuwa amemteua. Kura ya mapema ikapigwa tena. Tume ikamtangaza Mwinyi, ACT ikayakataa matokeo.

Ningepewa kalamu ya kugusa pahala pamoja tu katika Katiba ya Zanzibar, nisingeigusa SUK. Ningekwenda kwenye kile kifungu kinachosema kwamba Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Kwa sasa aliyeshindwa ana njia mbili: barabarani, au Ikulu kwa yule aliyemshinda. Wenzetu wa Kenya waliweka njia ya tatu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa urais, majaji wanne wakisema ufutwe na wawili wakikataa, na hoja za pande zote zikasikilizwa hadharani. Haikuwa dawa kamili, kwani Raila Odinga aliususia ule wa marudio na mwisho wake ukawa ni kupeana mikono na Uhuru Kenyatta Machi 2018. Lakini mpiga kura wa Kisumu na wa Kiambu walisikia nani amesema nini, na kwa nini. Sisi uchaguzi wetu ulifutwa kwa tamko la mtu mmoja kwenye televisheni, na hapakuwa na wa kumuuliza.